Kidole gumba kiko upande gani? Jibu kwa mwanafunzi wa huduma za dharura

Swali: Mimi ni dada wa Kayole, ninasomea uhudumu wa ambulensi hapa Nairobi. Tumepewa orodha ya maneno ya pande na mielekeo ya mwili: anteria, posteria, mediali, laterali, proksimali, distali, supini, proni na mengine. Nayakariri usiku, asubuhi yameyeyuka. Mwalimu akiniuliza kidole gumba kiko upande gani, nageuzageuza mkono mpaka nachanganyikiwa kabisa. Mtihani umekaribia. Nifanyeje? Na kwa nini tusiseme tu juu, chini, ndani na nje kama watu wengine?

Jibu:

Dadangu, kumbukumbu yako haina kasoro. Nimewafundisha wahudumu wa ambulensi jijini kwa miaka mingi, na karibu kila darasa hukwama papo hapo ulipokwama wewe, kwenye kidole gumba. Wanafunzi hupewa orodha kabla ya kuonyeshwa mwili unaopimwa kwa maneno hayo. Tena maneno hufundishwa moja moja, ilhali hakuna hata moja linaloweza kusimama peke yake. Ukiniambia kiwiko ni proksimali, bado hujaniambia kitu. Proksimali kuliko nini? Kuliko kifundo cha mkono, ndiyo. Kuliko bega, la. Kila neno kwenye orodha yako lina swali hilo ndani yake, na ukizoea kuliuliza kila mara utaona kwamba vitu vya kukariri ni vichache sana. Kwa hiyo iweke orodha kando kwa siku kadhaa, tuanze na mwili wako.

Simama wima hapo ulipo. Uso utazame mbele, miguu ikaribiane na vidole vyake vielekee mbele, mikono ining'inie kandokando ya mwili. Kisha geuza viganja navyo vitazame mbele, vidole gumba vielekee nje. Huu ndio mkao wa anatomia. Hakuna mtu anayesimama hivyo kituoni akingoja matatu, ndiyo maana wanafunzi wengi hupuuza hicho kipande cha mwisho cha kugeuza viganja. Usikipuuze hata kidogo, kwa sababu tatizo lako la kidole gumba limejificha hapo. Kila neno la orodha yako limepimwa kwa mtu aliyesimama hivyo, awe mtoto wa mwaka mmoja au mzee wa miaka 90.

Jambo la pili ni kwamba maneno haya hufuata mwili, hayafuati ardhi. Chukua mwendeshaji bodaboda aliyerushwa mtaroni kando ya Outering Road. Amelala kifudifudi, kichwa kiko chini mtaroni na miguu imebaki ukingoni. Wapita njia watakwambia ameumia "huku juu", wakionyesha miguu, kwa sababu miguu ndiyo iliyo karibu na barabara. Wewe, kabla ya kufungua kinywa, msimamishe akilini mwako katika ule mkao. Kichwa chake bado ni superia, yaani juu, na miguu bado ni inferia, yaani chini. Jeraha la mgongoni linatazama mbingu, na bado ni posteria, yaani nyuma; mbele ndiyo anteria. Mkono wake wa kushoto ni wa kushoto kwake, hata ukiwa umepiga magoti ukimtazama usoni na mkono huo ukawa upande wako wa kulia. Kushoto na kulia ni za mgonjwa siku zote. Nimeona wanafunzi hodari, wenye alama nzuri, wakiteleza hapo kwa sababu wanatamka haraka. Yape macho yako nafasi: angalia kwanza mgonjwa anaelekea wapi, jiweke ndani ya mwili wake, kisha useme.

Na hapo ndipo jibu la swali lako la pili lilipo. Pale mtaroni wewe na mwenzako mnaliona jeraha, kwa hiyo "juu" na "ndani" zinawatosha. Daktari aliye kitengo cha dharura, katika hospitali ya Mama Lucy Kibaki au ya Kenyatta, halioni. Anakusikia kwenye simu au redio, na kwa maneno yako anaamua aite nani na aandae nini. Ukimwambia "ana kidonda juu ya mkono wa kulia", anaweza kufikiria bega, au sehemu iliyo kati ya bega na kiwiko, au hata mgongo wa kiganja, na kila mahali hapo pana mishipa yake na hatari zake. Nyumbani tukisema mkono tunamaanisha chochote kutoka begani hadi ncha za vidole, na tukisema mguu ni kutoka nyongani hadi wayoni, na tunaelewana kwa sababu tunaonyesha kwa kidole. Redioni hakuna kidole. Watu wa Ulaya nao waliteseka na mambo haya. Vitabu vyao vilikuwa vimerundika majina mengi kwa kiungo kimoja, hadi mwaka 1895 wanaanatomia walipokubaliana mjini Basel, Uswisi, kufuata orodha moja ya Kilatini. Orodha hiyo imerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, lakini kutoka kwayo daktari aliyesomea Cairo na muuguzi aliyesomea Eldoret wanaweza kusoma fomu yako moja na wote wakaweka kidole mahali pamoja.

Sasa turudi kwenye kidole gumba. Mediali ni kuelekea mstari wa katikati ya mwili, ule unaoshuka kutoka utosini, ukapita ncha ya pua na kitovu, ukatua kati ya visigino. Laterali ni kwenda mbali na mstari huo. Keti, ulaze mkono wako wa kulia mezani, kiganja kikitazama dari. Kidole gumba kimeelekea nje, mbali na mwili, kwa hiyo ni laterali. Kidole cha mwisho kiko upande wa mwili, kwa hiyo ni mediali. Kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto papasa kifundo, upande ule wa gumba, kando tu ya kano unayoiona ikijitokeza ukikunja kifundo. Utasikia mpigo. Huo ni mpigo wa radiali, na mfupa unaoubonyeza chini yake ni radiasi. Radiasi ni laterali. Mfupa mwingine wa mkono huo, wa upande wa kidole cha mwisho, ni alna, nao ni mediali.

Usiondoe vidole vyako. Geuza mkono wa kulia polepole mpaka kiganja kiitazame meza. Gumba limehamia upande wa mwili, na vidole vyako vya kushoto vimesafiri nalo, kwa maana radiasi imezunguka na kuivuka alna. Alna yenyewe karibu haikusogea, na kiwiko kimetulia pale pale. Je, gumba sasa limekuwa mediali? Hapana. Limehama mahali, jina halikuhama, kwa sababu jina lilitolewa viganja vikiwa vimetazama mbele. Rudia hivyo mara kadhaa, ukitamka kwa sauti: gumba laterali, radiasi laterali, alna mediali. Baada ya hapo mwalimu akikuuliza hutageuzageuza tena mkono hewani, utaugeuza mara moja tu kwenye mkao wake na kujibu. Mkono wa mtu ukiwa umepindika vibaya kwa ajali, unaweza pia kusema "upande wa radiali" au "upande wa alna", na hapo hakuna wa kukuelewa vibaya, kwa sababu umetaja mfupa wenyewe.

Vua kiatu basi. Kidole gumba cha mguu kiko upande gani? Ni mediali. Wanafunzi hubisha sana hapa, kwa sababu wamekwisha kujifunza kwamba gumba ni laterali. Tazama mwili uliosimama: gumba la mkono laterali, gumba la mguu mediali, na hakuna ugomvi kati yao. Vivyo hivyo, mfupa mnene wa muundi, tibia, ni mediali, na ule mwembamba, fibula, ni laterali. Jicho la mguu la upande wa ndani ni mwisho wa tibia, la upande wa nje ni mwisho wa fibula. Nyuma kidogo ya lile la ndani, yaani posteria ya jicho la mguu la mediali, papasa taratibu na utapata mpigo mwingine. Huo jifunze kuupata ukiwa umefumba macho, maana utauhitaji mara nyingi kuliko unavyodhani.

Proksimali na distali ni rahisi zaidi mara ukiacha kuzichanganya na juu na chini. Hutumika zaidi kwa mikono na miguu. Proksimali ni karibu na pale kiungo kinapoanzia kwenye kiwiliwili, yaani bega au nyonga. Distali ni mbali na hapo. Fikiria Thika Road na uhesabu jiji kuwa ndilo bega. Pangani ni proksimali kuliko Roysambu, na Githurai ni distali kuliko Roysambu. Iwe unatoka mjini au unarudi, iwe umelala kwenye kiti cha matatu au umesimama, Pangani haibadiliki kuwa distali. Na Roysambu, je, ni proksimali au ni distali? Huwezi kujibu mpaka nikwambie kwa kulinganisha na kituo gani.

Kuna wanafunzi huniuliza: kama nimesimama, si kiganja kiko chini kuliko kiwiko? Mbona tusiseme ni inferia? Kwa mkao ule ndivyo kilivyo, ila mazoea ya kazi ni kutumia proksimali na distali kwa mikono na miguu, na kuziacha superia na inferia kwa kichwa na kiwiliwili. Sababu ni kwamba mikono na miguu hukunjika na kuelekea kila upande, ilhali umbali kutoka begani hadi kwenye jeraha hubaki ule ule. Utasikia pia distali ikitumika kwa mirija, kama utumbo au ateri, ikimaanisha mbele zaidi kutoka chanzo cha mrija huo.

Nataka uone kwa nini ninayang'ang'ania haya. Paja likivunjika, mtu mzima anaweza kupoteza zaidi ya lita 1 ya damu ndani ya paja lenyewe, bila tone kuonekana nje. Vipo vifaa maalumu vya kuuvuta mguu ili mfupa unyooke na maumivu yapungue, na vimekusudiwa mvunjiko wa katikati ya mfupa wa paja. Mvunjiko ukiwa proksimali, karibu na nyonga, au distali, karibu na goti, kifaa hicho hakifai na kinaweza kuongeza madhara. Kwa hiyo neno moja hapo linaamua utachukua kifaa gani kutoka kwenye gari. Ukishafunga banzi, popote pale, unakagua distali ya mvunjiko: mpigo upo? vidole vinacheza? anahisi nikimgusa? Unakagua kabla ya kufunga, unakagua tena baada ya kufunga, kwa sababu banzi lililokazwa kupita kiasi hukata damu na ishara zake hujitokeza huko distali, si pale ulipofunga. Ndiyo sababu nilikutaka uujue ule mpigo wa nyuma ya jicho la mguu. Damu ikiruka kutoka kwenye mkono au mguu na kukandamiza hakuizuii, mkanda wa kubana hufungwa proksimali ya jeraha, sentimita 5 hadi 7 hivi, usiwe juu ya kiungo kama goti au kiwiko, na saa ya kufunga huandikwa. Mtu aliyezikoroga proksimali na distali akilini mwake anaweza kuufunga mkanda huo upande usiofaa huku damu ikiendelea kutoka.

Kwenye kifua tumia vidole vyako tena. Weka kidole kwenye kishimo kilicho juu ya mfupa wa kidari, pale shingo inapokutana na kifua. Teremka polepole kuelekea inferia, sentimita 5 hivi, mpaka uguse tuta dogo linalokatiza mfupa. Sasa ondoka kwenye tuta hilo kuelekea laterali, upande wako wa kushoto, na utakuwa umekanyaga ubavu wa pili. Nafasi iliyo inferia ya ubavu huo ndiyo nafasi ya pili. Endelea kuhesabu, ubavu, nafasi, ubavu, nafasi, hadi nafasi ya tano, kisha sogea laterali mpaka uwe sambamba na katikati ya mtulinga, ule mfupa unaotoka kidarini kwenda begani. Hapo ndipo elektrodi ya V4 ya kipimo cha umeme wa moyo huwekwa, na kwa watu wazima wengi ncha ya moyo hugonga karibu na hapo. Kwa safari hiyo fupi ya kidole umetumia inferia, laterali, mstari wa katikati na mstari wa katikati ya mtulinga, na hukukariri chochote. Ukiendelea laterali zaidi utafika kwapani, ambako mistari ni mitatu: wa mbele ya kwapa, wa katikati na wa nyuma. Pedi za mashine ya kushtua moyo nazo hufuata njia hizo, moja inferia ya mtulinga wa kulia, nyingine ubavuni upande wa kushoto, chini ya kwapa.

Tumbo sisi hatuligawi sana. Vitabu vina mgao wa sehemu tisa, lakini ndani ya ambulensi robo nne zinatosha: mstari mmoja wima na mmoja wa kulala, ikikutana kitovuni. Robo ya juu kulia ina ini na kifuko cha nyongo. Robo ya juu kushoto ina wengu na sehemu kubwa ya tumbo la chakula. Robo ya chini kulia ndiyo ya kidole tumbo. Tena, kulia na kushoto kwa mgonjwa. Mwendeshaji pikipiki aliyegongwa na usukani kwenye robo ya juu kushoto, au kwenye mbavu za chini za kushoto, mfikirie wengu haraka, kwa sababu wengu umejificha nyuma ya mbavu za 9 hadi 11 na ukipasuka huvuja damu nyingi. Akilalamika pia maumivu kwenye ncha ya bega la kushoto ambalo halikuguswa na chochote, iandike na uitaje unapomkabidhi. Damu iliyomwagika tumboni inaweza kuchokoza kiwambo cha kupumulia, na ubongo ukayasoma maumivu hayo kuwa ya begani. Muuguzi akisikia "robo ya juu kushoto, na bega la kushoto linauma bila jeraha", ameshaelewa mengi.

Ipsilaterali ni upande ule ule, kontralaterali ni upande wa pili, bailaterali ni pande zote mbili. Utayahitaji zaidi kwa kichwa. Ubongo wa kushoto huendesha mwili wa kulia, kwa hiyo mtu wa kiharusi aliyelegea mkono wa kulia kwa kawaida ana tatizo upande wa kushoto wa ubongo, yaani kontralaterali. Lakini aliyegongwa kichwa akavuja damu ndani ya fuvu, mboni inayopanuka mara nyingi ni ya upande ule ule wa damu, ipsilaterali. Wewe si wa kutoa hukumu pale barabarani. Kazi yako ni kutaja upande bila kukosea, wa mboni na wa udhaifu, kila mmoja kwa jina lake.

Supini ni kulala chali, proni ni kulala kifudifudi. Kulala ubavu kuna mtego mmoja: laterali ya kushoto ni pale ubavu wa kushoto unapoguswa na machela, si pale unapotazama juu. Mama mwenye mimba kubwa usimlaze chali kabisa kwa muda mrefu, kwa kuwa mfuko wa uzazi huilalia vena kubwa inayorudisha damu moyoni, na presha yake ikashuka. Mwinamishe upande wake wa kushoto. Mkao wa Fowler ni wa kuketi nusu, mgongo umeinuliwa, na unamfaa mtu anayehangaika kupumua. Jina ni la George Ryerson Fowler, daktari mpasuaji wa Marekani.

Mikato ya mwili, sajitali, koronali na transvesi, ijue kwa ajili ya mtihani. Sajitali hutenga kushoto na kulia, koronali hutenga mbele na nyuma, transvesi hutenga juu na chini. Utaikuta zaidi kwenye picha za skani kuliko barabarani, kwa hiyo usiipe usiku mzima.

Kuhusu kujifunza kwenyewe, kusoma orodha kwa macho ndicho kitu cha mwisho ningekushauri. Tafuta mwenzako mmoja wa darasa. Kila mmoja achore umbo la mtu kwenye karatasi, mbele na nyuma. Wewe bandika kipande cha plasta popote kwenye mwili wako, mwenzako akiwa amekupa mgongo, kisha mweleze mahali ilipo kwa maneno tu. Yeye anachora. Halafu ageuke, mlinganishe. Mchoro ukitofautiana na plasta, msibishane nani kakosea. Angalieni ni neno gani lililokosekana. Mara nyingi utagundua umesema "laterali" bila kusema laterali ya nini, au umesahau kutaja kushoto. Zoezi hili ndilo ninalolithamini kuliko yote kwa sababu mwenzako yuko mahali pa daktari asiyeona. Mkilizoea, anzeni kulala mikao ya ajabu, mmoja proni, mmoja kichwa chini kwenye ngazi, mmoja mkono umepindwa nyuma ya mgongo, na kila mara anayeeleza amsimamishe mwenzake akilini kwanza. Ukiwa peke yako, jirekodi kwenye simu ukieleza jeraha la kubuni, kisha kesho yake isikilize na ujaribu kuchora kwa sauti yako mwenyewe. Dakika kumi kwa siku hivyo zitakusaidia kuliko saa mbili za kukariri.

Jifunze kwa jozi, usijifunze neno moja. Mtihani hupenda kuuliza "goti liko wapi kwa kulinganisha na kifundo cha mguu" au "pua iko wapi kwa kulinganisha na masikio", na jibu ni jozi: goti ni proksimali kuliko kifundo, pua ni mediali kuliko masikio. Chukua viungo viwili vyovyote ukiwa kwenye matatu, uvihusishe kimoyomoyo, kisha ugeuze: kifundo ni distali kuliko goti, masikio ni laterali kuliko pua. Ukiweza kugeuza bila kusita, umeshika.

Baadaye utaunganisha. Sindano ya adrenalini ya mtu aliyepatwa na mzio mkali huchomwa kwenye paja, anterolaterali, yaani mbele na nje kwa pamoja, katikati kati ya nyonga na goti. Maelezo ya jeraha nayo yana mpangilio wa aina hiyo. Kwanza jeraha na ukubwa wake, kisha kushoto au kulia, kisha uso wa mwili, kisha umbali kutoka alama ambayo kila mtu anaijua: "Mkato wa sentimita 4, paja la kulia, anterolaterali, sentimita 10 proksimali ya goti." Mtu anayesikia hivyo anaweza kuchukua kalamu na kuweka alama mahali penyewe. Chagua alama za mifupa, goti, kiwiko, jicho la mguu, mtulinga, kitovu pia inafaa, na uepuke alama zinazohama kama chuchu za mwanamke.

Na mgonjwa mwenyewe usimtupie maneno haya. Mzee akikwambia "mguu unaniuma, mwanangu", mjibu kwa heshima, "Pole mzee, nionyeshe kwa kidole kimoja panapouma zaidi", na akishaonyesha ndipo wewe utafsiri kwenye fomu. Kwake ni goti, kwa ndani. Kwenye fomu ni goti la kushoto, mediali. Siku ambayo neno limekutoroka kabisa, na mgonjwa anakungoja, andika kwa maneno ya kawaida yaliyokamilika: "sentimita 5 chini ya goti la kushoto, upande wa ndani". Hakuna daktari mwenye akili atakayekulaumu kwa hilo, ilhali "laterali" iliyokosewa inaweza kumfanya apige picha upande usiohusika. Kushoto na kulia ziandike kwa ukamilifu, usizifupishe kwa herufi moja, maana gari likipita kwenye matuta ya Kangundo Road mkono hutikisika na herufi moja ni rahisi kusomwa vibaya.